Fundi Picha Anajibu: Ringi laiti ya bei nafuu na picha za vitu vidogo

Mwezi huu maswali karibu yote yameangukia kitu kimoja, ile taa ya duara, ringi laiti, inayouzwa kila kona ya mji sasa hivi. Wasomaji wanataka kuipigia vitu vidogo kwa karibu: hereni, mawe, majani, wadudu. Nimefurahi sana maana ni taa ambayo watu wengi wanayo ndani tayari, alafu wengi wameshaikatia tamaa kwa picha za karibu wakati taa yenyewe haina shida, shida ni pale inapowekwa. Nimechukua maswali matano.

Shikamoo fundi. Mimi natengeneza hereni na bangili za shanga hapa Sakina, nauza Instagram na kwenye magrupu ya WhatsApp. Nilinunua ringi laiti ya inchi 10 na stendi yake kwa Sh 35,000, simu naiweka pale katikati kwenye kishikio kama wanavyofanya watu wa mekapu. Picha zinang'aa lakini kila shanga ina kiduara cheupe, nyekundu inatoka kama pinki, na shanga hazionekani kama ni za duara, yaani zimelala tu. Alafu kuna mistari mistari inapita kwenye skrini. Nibadilishe taa au nibadilishe simu? (Dada wa Shanga, Arusha)

Marahaba dada yangu. Usibadilishe chochote, hiyo hela nunulia shanga.

Kwanza uelewe kwa nini watu wa mekapu wanaipenda hii taa. Mwanga wake unatoka pande zote za lenzi kwa pamoja, kwa hiyo kivuli kinachotengenezwa na upande mmoja kinafutwa na upande wa pili, na usoni hiyo ni raha tupu kwa sababu mikunjo na vishimo vinapotea. Sasa wewe unauza shanga. Kinacholiambia jicho kwamba shanga ni ya duara ni kile kivuli kidogo cha upande mmoja, na wewe umeweka taa ambayo kazi yake ni kufuta vivuli! Na hicho kiduara cheupe ni taa yenyewe, unaiona kwenye kioo cha shanga, kila shanga inaakisi kilicho mbele yake na kilicho mbele yake ni duara la taa.

Kwa hiyo toa simu katikati ya duara. Hilo ndilo la kwanza na nakuomba ulifanye leo leo. Taa iweke ubavuni mwa hereni, juu kidogo, iinamie chini, umbali wa kama sentimita 20 au 25, alafu mbele yake tundika karatasi ya kuokea keki au kitambaa chepesi cheupe ili mwanga ulainike na lile duara lisionekane tena. Upande wa pili wa hereni simamisha kipande cha boksi ulichobandika karatasi nyeupe, kitarudisha mwanga kidogo kwenye kivuli kisiwe cheusi sana. Hapo utaona kila shanga ina doa pana laini la mwanga upande mmoja na upande mwingine inazama taratibu, na hereni inakuwa na umbo. Ukitaka kivuli kikali zaidi sogeza boksi mbali, ukitaka kipungue lisogeze karibu. Cheza nalo hilo boksi mpaka upate unachokitaka, mi naamini lile boksi lina kazi kubwa kuliko taa yenyewe.

Nyekundu kuwa pinki ni mwanga umezidi. Simu ikiona kitambaa cheusi kikubwa chini ya hereni inadhani kote ni giza, inaongeza mwanga, na nyekundu ndiyo ya kwanza kuungua. Gusa hereni kwenye skrini ushikilie mpaka fokasi na mwanga vifungwe, alafu teremsha kile kijua kidogo mpaka nyekundu irudi kuwa nyekundu. Na uzime taa ya chumbani, maana ringi laiti ina rangi yake, balbu ina rangi yake, dirisha lina rangi yake, simu haiwezi kuzipatanisha zote. Kama ukuta wako umepakwa kijani au bluu kaa nao mbali, ule ukuta unarusha rangi yake kwenye shanga nyeupe na mteja anadhani umempa shanga chafu.

Mistari inatokana na namna taa za bei ya chini zinavyopunguza mwanga. Hazipunguzi kweli, zinawaka na kuzima haraka haraka sana, jicho halioni ila kamera inaona. Dawa yake ni kuiwasha mpaka mwisho kabisa, mara nyingi ikiwa kwenye mwanga wake wote haizimi zimi tena na mistari inaisha au inabaki kwa mbali, ukiona ni mwanga mwingi mno basi isogeze taa nyuma au ongeza karatasi, usiguse kitufe cha kupunguza. Mistari ikiendelea na una balbu imewaka juu yako, ujue ni balbu: umeme wetu ni wa hezi 50 na balbu nyingi zinachezacheza mara 100 kwa sekunde, hivyo ukiingia modi ya Pro, ile ya kupanga kamera mwenyewe, uweke spidi ya shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) sekunde 1/50 au 1/100 inatulia.

La mwisho kwako, usiisogeze simu mpaka ikaribie kugusa hereni. Ukifika karibu sana simu yenyewe inakuwa kivuli. Rudi nyuma sentimita 15 hadi 20, tumia lenzi ya x2 kama simu yako inayo, la sivyo piga hivyo hivyo alafu ukate picha baadaye. Na miezi hii ya Juni na Julai wingu la Arusha likikaa kutwa nzima usiteseke na dirisha, hii njia inafanya kazi hata saa mbili usiku.

Fundi mambo vipi. Niko kwenye mambo ya mawe hapa mjini, napiga tanzanite kwa simu na ile lenzi ya kukuza inayobanwa kwenye simu, namtumia mteja wa nje. Analalamika kwenye picha jiwe ni bluu akilipokea anaona zambarau. Ringi laiti yangu ina rangi tatu, nyeupe, ya njano na mchanganyiko, nitumie ipi? Alafu katikati ya jiwe panakuwa na doa jeusi na halipo. (Chalii wa Mawe, Arusha)

Poa kabisa chalii yangu, swali lako ni zuri kuliko unavyodhani.

Simu yako haijadanganya na mteja hajadanganya. Tanzanite ina rangi zaidi ya moja ndani yake, ukiigeuza upande huu unaona bluu, upande ule zambarau, na ambayo haijapikwa, yaani haijapitishwa kwenye moto, unaona mpaka kahawia. Juu ya hapo inabadilika na mwanga unaoipiga: kwenye mwanga mweupe wa baridi inavuta kwenye bluu, kwenye mwanga wa njano wa balbu za zamani inavuta kwenye zambarau. Wewe ulipiga na taa nyeupe, yeye akafungua bahasha jioni kwake chini ya taa ya njano. Basi tuma picha mbili kila mara, moja ya taa nyeupe moja ya taa ya njano, na chini ya kila moja uandike ni mwanga gani. Ule mchanganyiko achana nao, unatoa rangi ya katikati ambayo mteja hataiona popote.

Ila kuna mtego hapo. Simu ikiwa kwenye oto inajaribu kufuta tofauti ya taa, itaipoza ile ya njano mpaka picha zote mbili zifanane. Kwa hiyo ingia Pro, tafuta sehemu ya kelvini, kile kipimo cha rangi ya mwanga, weka kama 5,500 na uiache hapo hapo kwa picha zote mbili. Weka na kipande cha karatasi nyeupe pembeni ya jiwe, mteja akiona karatasi imekuwa ya njano ataelewa mwenyewe taa ilikuwa ya njano. Na tafadhali sana usiongeze rangi kwenye simu baada ya kupiga. Hili jiwe tangu ligundulike kule Mererani mwaka 1967 dunia nzima inalifuata kwetu, mteja akidanganywa na picha ya Arusha mara moja anayeumia ni kila dalali wa huku, sio wewe peke yako.

Doa jeusi ni simu yako. Jiwe lililokatwa vizuri linachukua mwanga wa mbele na kuurudisha mbele, na kilichopo mbele yake kabisa ni mgongo mweusi wa simu. Hapa ringi laiti inabaki kuzunguka lenzi, tofauti na yule dada wa shanga, kwa sababu unataka mwanga utokee karibu na lenzi ili urudi kwenye lenzi. Chukua karatasi nyeupe, toboa tundu dogo la kutosha lenzi tu, uibandike kwenye simu ifunike ule weusi wote, na jiwe liegemeze kidogo kwa plastisini lisitazame lenzi moja kwa moja. Doa linapungua sana. Hiyo lenzi ya kubana kwenye simu huwa inataka ukae sentimita 2 au 3 tu kutoka kwenye jiwe, na kwa umbali huo ile karatasi inaweza kuzuia mwanga wa taa, basi tumia taa kubwa na uishushe ikaribiane na meza.

Kuna kitu kingine ambacho wanunuzi makini watakupendea. Laza ringi laiti mezani, tandika kitambaa cheusi katikati yake, weka jiwe hapo katikati ya duara, piga kutoka juu. Mwanga unaingia kwa ubavuni tu pande zote, nyuma kunabaki giza, na ufa au uchafu wowote ndani ya jiwe unawaka. Hadubini za wataalamu wa vito zina mwanga wa aina hiyo hiyo. Jiwe safi litajionyesha safi, na lenye ufa utaliuza kwa bei yake halali bila simu za lawama baadaye. Vumbi liondoe kwa brashi laini kabla hujapiga, kwa karibu namna hiyo hata uzi mmoja wa pamba unaonekana kama kamba.

Kijana, habari za kazi. Mimi ni mkulima wa kahawa Kibosho. Mwanangu ameniachia hiyo taa ya duara ya kuchomeka USB. Nataka nipige picha za ugonjwa kwenye majani na kwenye punje nimtumie bwana shamba, maana ninazopiga anasema haoni kitu. Nipigie shambani au nibebe jani nyumbani? (Mzee wa Kihamba)

Shikamoo mzee wangu. Piga picha mbili za mti mzima ukiwa pale pale shambani bila taa, bwana shamba anahitaji kujua ugonjwa umeanzia matawi ya chini au ya juu na kivuli cha migomba kikoje. Baada ya hapo chuma majani machache, yaweke kwenye bahasha au mfuko uufunge, maana kama ni kutu ya majani ule unga wa chungwa ndio mbegu ya ugonjwa, usipite nao ukiupukutisha kwenye kahawa ya jirani. Nyumbani kaa barazani kwenye kivuli. Jua la mchana linafika kama laksi 100,000 (laksi ni kipimo cha mwanga), taa ya USB haiwezi kushindana nalo, ndiyo maana shambani ulikuwa unawasha huoni tofauti.

Geuza jani, kutu inakaa upande wa chini. Usiiweke taa mbele ya jani, iweke pembeni kabisa karibu ilale sawa na jani, mwanga ukipita juu juu kwa kuchapa ubavuni ule unga unainuka na kivuli chake kinaonekana, bwana shamba anaona ni unga kweli na sio doa tu la jua. Alafu piga ya pili taa ikiwa nyuma ya jani, madoa ya njano yatajichora yote na utaweza hata kuyahesabu. Jani lishike kwa kibanio cha nguo kwenye kijiti, usilishike kwa mkono. Weka sarafu pembeni ili ajue ukubwa.

Kwa punje za kijani zenye mabaka meusi yaliyobonyea, ambayo yanaweza kuwa chulebuni, ule ugonjwa wa punje za kahawa, taa iwe ya upande mmoja pia, kule kubonyea ndiko anakotaka kukuona na taa ya mbele inakuficha. Bwana shamba akishindwa kuamua kwa picha, TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, pale Lyamungo sio mbali na wewe, peleka tawi lenyewe.

Habari kaka. Nasoma chuo Moshi, nimepata Canon ya mtumba na lenzi yake ya 18-55. Napenda sana wadudu, vipepeo na maua, huwa naenda msitu wa Rau asubuhi. Kuna ringi laiti ndogo za LED zinafungwa mbele ya lenzi, kwenye tangazo zimeandikwa ni flashi ya makro, yaani ya picha za karibu sana, na bei yake naiweza. Ninunue? (Mwanachuo, Moshi)

Salama mdogo wangu. Kwa maua nunua. Kwa wadudu hapana, na ntakueleza kwa nini kabla hujatoa hela.

Ukipiga kitu mpaka kionekane kwenye sensa, kile kioo ndani ya kamera kinachopokea picha, kwa ukubwa wake halisi, yaani 1:1, mambo mawili yanakubana kwa wakati mmoja. Kina cha fokasi kinakufa: kwa kamera kama yako kwenye f/8 (f ni kipimo cha tundu la lenzi, namba ikipanda tundu linapungua) unabaki na kama milimita 0.6 tu iliyo kali, jicho la nyuki likiwa kwenye fokasi bawa lishatoka. Kwa hiyo unabana tundu la lenzi uende f/11. Na hapo hapo kule kukuza kwenyewe kunakula mwanga, kwenye ukubwa halisi unabaki na robo tu ya mwanga uliokuwa nao. Taa ndogo ya LED haina nguvu ya kulipa deni hilo lote. Utashusha shata mpaka 1/30 na kipepeo anatikisika, au utapandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, picha ijae chengachenga.

Flashi ya kweli ina bomba la gesi linalopiga mwanga mkali kwa muda mfupi sana, ukiishusha nguvu inafika elfu moja ya sekunde na chini ya hapo, kwa hiyo mwanga wenyewe ndio unaomsimamisha mdudu, shata unaiacha tu kwenye 1/200. Hizo za LED zilizoandikwa flashi zinachofanya ni kuwaka kwa nguvu kidogo zaidi unapobonyeza, basi. Ndiyo maana nasema soma tangazo vizuri: kama nguvu yake haijaandikwa kwa GN, kile kipimo cha nguvu ya flashi, na kila kitu ni idadi ya LED, hiyo ni taa, sio flashi.

Kwa hela hiyo hiyo au ukiongeza kidogo tafuta flashi ya kawaida ya mtumba yenye modi ya manyuo, ile ya kupanga nguvu kwa mkono. Kata boksi la juisi, lile lenye ng'aring'ari ya fedha ndani, lifunge kwenye flashi lipeleke mwanga mbele juu ya lenzi, mdomoni ubandike karatasi nyeupe. Utapata mwanga laini unaotoka juu kama mwanga wa mchana, na macho ya mdudu hayatakuwa na yale maduara. Jihadhari tu na flashi za zamani sana za enzi za filamu, baadhi zinarudisha volti zaidi ya 200 kwenye kamera na zinaweza kuiua, ulizia kwanza.

Sasa maua. Flashi ya duara ilibuniwa mwaka 1952 na Lester A. Dine wa Marekani ili kupiga picha za meno, na ukifikiria mdomo ulivyo utaelewa mara moja kazi yake iko wapi: kwenye shimo, mahali ambapo taa ya ubavuni haifiki. Ua lenye koo refu ni hivyo hivyo. Ukipanda njia ya Marangu ukutane na Impatiens kilimanjari, lile ua jekundu na njano ambalo kwa asili linaota Kilimanjaro tu, taa ya pembeni inakupa mdomo wa ua na giza ndani, ringi laiti inaingia mpaka kwenye koo. Ua halikimbii, unaweka stendi, taima ya sekunde 2, shata taratibu, na LED ya bei nafuu inatosha kabisa. Upepo ukitulia, lakini. Na ukiona imekuwa bapa mno ziba nusu ya duara kwa karatasi na selotepu, kivuli kinarudi.

Lenzi yako peke yake haitakufikisha kwenye ukubwa halisi. Tafuta mirija ya kuongezea lenzi ile isiyo na kioo ndani, inayokaa kati ya lenzi na kamera, na lenzi ya 50 mm ya mtumba: mirija ya jumla ya milimita 50 kwenye lenzi ya 50 inakupa ule ukubwa halisi wa 1:1. Chagua mirija yenye vipini vya umeme, isiyo navyo haitakuruhusu kubana tundu la lenzi za Canon. Rau nenda alfajiri kama unavyofanya, wadudu wakiwa bado na baridi wanakaa mpaka unamaliza.

Fundi, umeme ukikatika nafanyaje? Na nikitaka ya kufunga kwenye lenzi nitajuaje saizi? (Msomaji, Majengo, Moshi)

Ringi laiti nyingi za USB zinakula volti 5 na ampea 2, yaani wati 10 ikiwa imewashwa mpaka mwisho. Pawabanki ya kweli ya mAh 10,000 ina kama wati-saa 37, ukitoa kinachopotea njiani unapata masaa 3 hivi. Ikizima baada ya dakika 40 ujue hiyo namba iliyoandikwa kwenye pawabanki sio ya kweli. Zile ndogo za lenzi zinatumia betri za AA, chukua za kuchaji za NiMH, zile za bei ya chini za rimoti zinachoka haraka na taa inafifia huku unaendelea kupiga bila kujua.

Saizi, angalia mbele ya lenzi au ndani ya kifuniko chake, kuna alama ya ⌀ na namba ya milimita. 18-55 nyingi za Canon za zamani ni 58, za Nikon ni 52, na 50 mm ya Canon ya STM ni 49. Taa nyingi zinakuja na pete za adapta za saizi mbalimbali kwenye boksi, hakikisha yako imo kabla hujalipa. Na kama lenzi yako mdomo wake unazunguka ikitafuta fokasi, hamishia kwenye manyuo kabla hujafunga taa, uzito ule unaichosha mota.